Kabla Hujajaza, Angalia Raba

Mnaokunywa chai endeleeni kunywa. Anayeosha pikipiki, namwomba afunge maji kidogo asogee karibu na redio, maana leo nina maneno yake.

Leo tunazungumza breki. Tena si breki zote, ni breki ya mafuta: ile ya mbele yenye diski, yenye kikombe kidogo pale kwenye usukani upande wa mkono wa kulia. Swali letu la leo ni moja. Mafuta yaliyomo ndani ya kikombe hicho yakiingiliwa na kitu kisichotakiwa, utajuaje? Utajuaje ukiwa bado umesimama kijiweni, kabla hujajulishwa na ng'ombe aliyekatiza barabara?

Najua wako watakaosema, mzee, pikipiki yangu ni ya kazi, ina breki za ngoma mbele na nyuma, hizo za mafuta hazinihusu. Ni kweli, pikipiki nyingi zinazobeba mizigo vijijini kwetu zina ngoma, na ngoma tutaipa siku yake. Lakini usizime redio. Bajaji unayopanda kwenda sokoni ina ngoma, ila ngoma zile zinasukumwa na mafuta yaleyale ninayoyasema. Na kama una gari, basi hakuna namna, ni yaleyale.

Tuanze na jambo dogo. Kwa nini breki ikatumia mafuta badala ya waya? Mliosoma fizikia sekondari mtakumbuka mchoro wa pistoni ndogo na pistoni kubwa, na jina la Mfaransa Blaise Pascal aliyeishi karne ya 17. Kimiminika hakiminyiki. Ukikisukuma upande huu, kinasukuma upande ule. Vidole vyako viwili vinabana mkono wa breki, pistoni ndogo ndani ya masta, pale chini ya kikombe, inasogea, mafuta yanashuka kwenye mpira hadi kwenye kalipa iliyoko kwenye gurudumu, na huko chini pistoni kubwa inasukuma pedi zikaishika diski. Kampuni ya Honda ilipotoa pikipiki yake ya CB750 mwaka 1969 ikiwa na breki ya namna hiyo mbele, ilikuwa habari kubwa duniani. Leo iko kwenye kijiwe cha bodaboda, na hakuna anayegeuka kuitazama.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya sharti moja: ndani mle kuwe na kimiminika tupu. Kusiwe na hewa, kusiwe na mvuke, kusiwe na uchafu. Na kimiminika chenyewe kiwe kile kilichokusudiwa.

Sasa, adui wa kwanza ni maji. Mtu ananiambia, mimi sijawahi kutia maji kwenye kikombe cha breki, yametoka wapi? Hujatia, nakubali. Mafuta haya ya breki yana tabia ya chumvi uliyoiacha wazi jikoni wakati wa masika: yanavuta unyevu wa hewani bila mtu kuyamwagia tone. Na sisi tunaishi kando ya ziwa. Hewa ya Musoma ina unyevu, masika inakuja, vuli inakuja, na kila kifuniko kinapofunguliwa yanavuta. Hata kifuniko kikiwa kimefungwa, unyevu unapenya taratibu kupitia mpira wa breki wenyewe. Haraka hauna, lakini unafika.

Kuna haraka nyingine tunayoitengeneza wenyewe. Pikipiki inaingizwa ziwani hadi nusu ya gurudumu, inaoshwa, inasuguliwa. Achilia mbali kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi leo nasema breki. Au inapelekwa kuoshwa kwa mashine, na kijana anaelekeza maji ya nguvu pale pale kwenye kifuniko cha kikombe, kwenye maungio. Kama raba ya kifuniko imechoka, maji yamepita.

Nitataja namba mara moja tu, kisha nitaziacha. Kwenye chupa ya mafuta ya breki utakuta herufi D, O, T na namba mbele yake. Hicho ni kipimo kilichowekwa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na karibu dunia nzima inakifuata. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 230 za Sentigredi. Ikishavuta maji, karibu asilimia 4 tu, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. DOT 3 inaanzia 205 na inashuka hadi 140. Umeona tofauti? Maji kidogo tu, na mafuta yako yanachemka mapema mno.

Na yakichemka kuna nini? Yanatoa mvuke. Mvuke unaminyika. Ukibana breki, nguvu yako yote inaishia kuuminya mvuke, na pedi kule chini hazina habari.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka Butiama anashuka kuelekea Makutano. Amebeba abiria wawili. Huo mshikaki hauruhusiwi, tunajua, na tunajua pia kwamba upo. Mlima wenyewe si mkubwa, hatuna milima ya Lushoto hapa. Lakini kijana ana tabia ya kuweka vidole viwili juu ya breki muda wote, hajabana, hajaachia. Pedi zinalamba diski njia nzima. Diski inapata moto, kalipa inapata moto, mafuta yanapata moto. Anafika mahali mbuzi wamesimama barabarani, anabana, mkono unaenda wote hadi kwenye mshikio wa usukani. Hakuna kitu. Anaponea kwa breki ya nyuma na kwa mguu chini. Anasimama, anatetemeka, anazima, anakaa kivulini. Baada ya muda anabana tena, breki ipo! Ngumu, nzuri. Anasema ni mambo ya watu. Hapana ndugu yangu, si mambo ya watu. Mvuke umepoa umerudi kuwa kimiminika, basi. Breki inayopotea ikiwa ya moto na kurudi ikipoa, jambo la kwanza la kushuku ni maji ndani ya mafuta. Narudia: inapotea ikiwa ya moto, inarudi ikipoa, shuku maji.

Hapo nataka tutofautishe, maana mafundi wetu wengine kila ugonjwa wa breki wana dawa moja, kutoa upepo, yaani hewa. Upepo una dalili yake. Upepo ukiwa ndani, mkono wa breki ni mlaini asubuhi, mchana na jioni, moto na baridi. Ukipampu mara tatu nne unakuwa mgumu kidogo, ukiacha unalainika tena. Huo ni upepo. Na kuna mkono unaoanza vizuri, ni mgumu, lakini ukiendelea kuushikilia unazama polepole hadi mwisho. Huo ni uvujaji. Tafuta unyevunyevu kwenye kalipa, kwenye mpira, chini ya mkono wa breki. Usipouona popote nje, basi raba za ndani ya masta zinapitisha. Mambo matatu tofauti, na mkono wako mwenyewe unayatofautisha bila kulipa senti.

Sasa nakuja kwa adui wa pili, na huyu ndiye aliyenileta hapa leo. Adui wa pili ni mafuta mengine.

Kikombe kimepungua. Kijana anaona mafuta yako chini ya alama. Yuko njiani, duka la spea liko mbali, au lipo lakini mfukoni hamna kitu. Fundi aliye karibu ana nini? Ana oili ya injini. Ana haidroliki ile nyekundu ya kwenye usukani wa magari. Ana mafuta ya shokapu. Anasema, mafuta ni mafuta, weka twende. Na kweli anaweka, na kweli breki inafanya kazi! Siku ile inashika, kesho inashika. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ingekataa palepale, tungekuwa tumeshajifunza zamani.

Mafuta ni mafuta? Hapana. Kwanza, hiki tunachokiita mafuta ya breki hata si oili kama ile ya injini. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo zinachanganyika na maji. Raba zilizomo ndani ya masta na kalipa zimechaguliwa ziishi na kemikali hiyo. Zikikutana na oili ya injini, dizeli, petroli, mafuta ya taa au grisi ya kawaida, zinainywa. Zinavimba, zinalainika, zinapoteza umbo. Raba ya kuzuia oili kwenye injini au shokapu ni raba ya aina nyingine, inayopatana na oili. Kwa hiyo hata fundi akikuchongea raba ya shokapu aitie kwenye masta, amekuongezea tatizo.

Mtashangaa nikiwaambia kwamba breki za kwanza za mafuta, kwenye magari ya miaka ya 1920, zilitumia mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii ambayo mama zetu wanapaka nywele. Sababu ni kwamba nyonyo haikuwa ikiziharibu raba za wakati ule. Tangu siku hizo mafundi walijua kwamba swali la mafuta ya breki ni swali la raba. Lakini tafadhali, asitoke mtu hapa akaenda kununua nyonyo. Raba zimebadilika, joto la breki limeongezeka, na mimi sitaki simu za lawama.

Raba ikivimba kunatokea nini? Sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya masta, chini ya kikombe, kuna vitundu viwili. Kimoja kinaonekana vizuri. Kingine ni kidogo mno, ncha ya sindano ya kushonea ndiyo inayopita. Kazi ya hicho kidogo ni kuruhusu mafuta yarudi kwenye kikombe unapoachia breki. Raba ya pistoni ikivimba, inakaa juu ya kitundu hicho na kukiziba. Umeachia mkono, lakini presha imebaki imefungiwa chini. Pedi zinaendelea kuishika diski. Diski inapata moto, mafuta yanapata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanazidi kubana. Kinachobana kinaongeza moto, na moto unaongeza kubana. Wewe unahisi pikipiki nzito, unadhani petroli imechakachuliwa, unaongeza resi. Mwisho gurudumu la mbele linafunga lenyewe ukiwa kwenye mwendo. Gurudumu la mbele, ndugu zangu. Hapo hakuna ustadi wa dereva.

Kwa hiyo maji yanaiondoa breki, na oili inaikaza breki. Ukilishika hilo tu, umeshafika mbali.

Haya. Utajuaje basi kama mafuta yako yameingiliwa, na yameingiliwa na nini? Tufuatane, na mwenye kalamu aandike.

Kabla ya kufungua chochote, futa. Futa kifuniko na pembezoni mwake kwa kitambaa safi chenye maji kidogo, kisha kikavu. Upepo wa Bunda kiangazi unajulikana, vumbi limejaa kwenye zile skrubu. Ukifungua bila kufuta, umelitia wewe mwenyewe. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa, maana skrubu zile ni laini, zikipinda vichwa utaanza kugombana nazo kwa patasi.

Fungua, na chini ya kifuniko utakutana na raba nyembamba iliyofinyangwa kufuata umbo la kikombe. Itoe taratibu uiweke juu ya kitambaa. Iangalie. Hii raba ndiyo shahidi wako mkuu. Ikiwa imekaa vizuri, imenyooka, ukiirudisha inaingia mahali pake bila kulazimishwa, hiyo ni habari njema. Ikiwa imevimba, imekuwa kubwa kuliko kikombe, ina mawimbi, ukiibana huku inanyanyuka kule na kifuniko hakikai tena, basi hakuna la kubishana: humo kumeingia oili. Na kama raba ya kifuniko imevimba, jua raba za ndani zilizokuwa zimezama kwenye mafuta hayohayo zimevimba pia. Usifunge ukaondoka.

Kisha tazama rangi. Mapya ni meupe au njano hafifu, unaona hadi chini ya kikombe. Kahawia maana yake yamezeeka. Meusi yenye chembechembe maana yake raba zinamomonyoka au kuna kutu. Yakiwa na wekundu, uliza nani alitia haidroliki. Ila rangi peke yake isikuhukumie. Maji hayabadilishi rangi sana, na mafuta yenye maji yanaweza kuwa yanang'aa. Nusa pia. Harufu ya petroli au mafuta ya taa haifichiki, na mara nyingi imetoka kwa fundi aliyeosha vipuri kwa petroli akavirudisha vikiwa vimelowa.

Halafu kuna kipimo cha kidole, ninakipenda kwa sababu hakidai kifaa. Chukua tone moja la mafuta kutoka kwenye kikombe, lisugue kati ya vidole, kisha suuza kwa maji matupu, bila sabuni. Mafuta halali ya breki ya jamii ya glaikoli yanaondoka na maji, kidole kinabaki safi. Ukibaki na utelezi, maji yanakimbia juu ya ngozi, kuna oili. Usijisugue macho, na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Ukitaka uhakika zaidi, fanya kwa chupa. Vuta mafuta kidogo kwa bomba jipya la sindano, yatie kwenye chupa ndogo angavu, ongeza maji kiasi hichohicho, funga, tikisa, weka chini. Acha itulie wakati wewe unapata chai. Mafuta ya breki yatakuwa yamechanganyika na maji yakawa kitu kimoja. Oili kama ipo itapanda juu ijitenge. Andika kwenye chupa hiyo kilichomo, au bora zaidi itupe palepale, kwa sababu kemikali hii ni sumu na mtoto hajui kutofautisha chupa ya soda na chupa ya fundi.

Kipimo cha mwisho ni cha breki inayoshikilia. Pandisha pikipiki kwenye dabo stendi, mwenzako akandamize nyuma hadi gurudumu la mbele liwe hewani. Zungusha kwa mkono. Bana breki, achia, zungusha tena. Likigoma, shika spana, kwa pikipiki nyingi ni namba 8, ulegeze kidogo ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, ukiwa umeifunika kwa kitambaa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, kulikuwa na presha iliyofungiwa. Tatizo liko juu, kwenye masta au kwenye mpira. Gurudumu likibaki limeshikwa vilevile, tatizo liko kwenye kalipa yenyewe: pistoni ina kutu au pini zimekauka. Unataka kujua kati ya masta na mpira? Funga chini, bana breki tena ili ishike, kisha safari hii legeza ile bolti inayoshikilia mpira pale juu kwenye masta. Gurudumu likilegea, masta ndiye mkosaji. Likikataa hadi ulegeze chini, mpira umevimba ndani na kuziba njia. Baada ya kipimo hiki upepo umeingia, kwa hiyo kutoa upepo ni lazima kabla ya kupanda.

Mnaona tulivyofika? Hatujanunua kitu bado, na tayari tunajua.

Nina maswali mawili hapa ya wasikilizaji. Mmoja wa Bunda anauliza: kama ni maji tu, si naongeza mapya juu ya ya zamani? Kaka, hapana. Ukiongeza juu, yale yenye maji yamebaki kule chini kwenye kalipa, kwenye moto. Mafuta yote yatoke. Vuta yaliyoko kwenye kikombe, tia mapya, chomeka mpira angavu, hata ule wa dripu ukiwa mpya, kwenye skrubu ya kalipa, upande mwingine uzame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Bana, legeza skrubu, funga skrubu, ndipo uachie mkono. Mpangilio ni huo: funga kabla hujaachia, ukikosea unavuta upepo. Endelea, ukiongeza kwenye kikombe kisikauke, hadi yanayotoka yafanane na unayotia. Yaliyotoka hayarudi, hata kama yanaonekana mazuri. Na mafuta ya breki yakidondokea kwenye tangi, mwagia maji mengi mara moja, maana yanakula rangi.

Wa pili ni wa hapahapa Musoma, Nyasho, ameandika kwamba fundi alitia oili ya injini, amegundua baada ya wiki, je, akisafisha kwa mafuta mapya inatosha? Ndugu yangu, nasikitika, haitoshi. Raba iliyokwishavimba hairudi. Hapo unabadilisha raba zote: za masta, za kalipa, raba ya kifuniko, na mpira mrefu wa breki. Vyuma vinasafishwa kwa spiriti, siyo petroli, vinakauka, vinafungwa kwa mafuta mapya. Ni gharama, najua. Ukibadilisha raba ya masta peke yake kwa kubana matumizi, oili iliyobaki kwenye mpira itaivimbisha hiyo mpya, na utarudi kwa fundi na hasira. Wakati mwingine masta nzima mpya inakuwa nafuu kuliko kutafuta raba zake. Na pedi zikiwa zimeloweshwa na mafuta yoyote yale, ya breki au ya injini, tupa. Usizichome moto, usizipige msasa ukasema zimepona.

Kuhusu kununua. Angalia kifuniko cha kikombe chako, pikipiki nyingi zimeandikwa palepale ni DOT ipi. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kukutana bila ugomvi, lakini DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo kabisa. Na DOT 5.1, licha ya jina, ni ya glaikoli, siyo ndugu wa DOT 5. Nunua chupa ndogo iliyofungwa na lakiri yake. Mafuta ya kupima, yaliyohamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa na kukaa kwenye rafu miezi, yameshavuta unyevu kabla hujayalipia. Vivyo hivyo ile nusu chupa iliyobaki chini ya kiti tangu mwaka jana. Mura, iache.

Na kabla hujajaza, jiulize kwa nini yamepungua. Mafuta ya breki hayaliwi na injini. Yakishuka taratibu sana, pedi zimelika na pistoni imesogea nje. Badilisha pedi uone yanapanda yenyewe. Yakishuka haraka, yanavuja. Kijana anayejaza kila wiki bila kuuliza anaficha ugonjwa, na siku moja atajaza chochote kilicho karibu. Wengi walioingiza oili kwenye breki walianzia hapo, kwenye kujaza.

Niseme na wenye pikipiki, mabosi wangu mnaopokea hesabu jioni. Oili ya injini mnaikumbuka, maana injini ikifa fedha yenu imekufa. Mafuta ya breki nani anayalipia? Kwenye makubaliano mengi niliyoyasikia, vitu vidogo ni vya dereva na vikubwa ni vya bosi, na mafuta ya breki yamekaa katikati hayana mwenyewe. Dereva anasema pikipiki si yangu, bosi anasema mimi sipandi. Kwa maoni yangu ni ya bosi, na yaandikwe kwenye mkataba wazi kabisa. Watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa pikipiki inayofanya kazi kutwa, kando ya ziwa, na kuoshwa kila siku, mimi ningesema kila mwaka. Chupa moja ndogo kwa mwaka, bosi! Na wewe dereva, usikubali kutoka na pikipiki ambayo raba ya kifuniko imevimba kwa sababu hesabu inakungoja. Mpigie simu, mwambie umeona nini, mtumie na picha ya raba.

Nanyi abiria, mama zangu mnaopanda asubuhi na watoto wa shule, mna haki ya kuuliza swali. Mwambie, mwanangu, hebu bana breki ya mbele nione. Mkono ukigusa usukani, panda ya jirani yake.

Muda wangu umekwisha, mtangazaji ananionyesha saa. Wiki ijayo, saa hizihizi, tunaingia kwenye breki za ngoma: kwa nini zinapiga kelele asubuhi, na kwa nini mvua ikinyesha zinakuwa butu. Wenye maswali tumeni mapema, mtaje na aina ya pikipiki yenu, siyo rangi yake tu.